Daftari la safu nne: namna ya kujua zama za taarifa zinaifanyia nini kazi yako

Nimekuwa mfasiri kwa miaka 27. Nilianza na kamusi tatu za karatasi na mashine ya faksi. Leo, kabla sijamaliza kuitafakari sentensi, kompyuta imeshaniletea tafsiri yake, na kazi yangu ni kuamua kama niikubali. Kati ya siku zile na leo, namna ninavyolipwa imebadilika mara tatu, na mara zote tatu nilichelewa kutambua. Si kwamba nilikuwa nimelala. Nilisoma makala kuhusu kompyuta na intaneti, nikahudhuria semina, nikawasikiliza wataalamu. Nilisoma habari za dunia nzima, ila kazi yangu mwenyewe sikuisoma.

Mwongozo huu ni wa kuisoma kazi yako. Unahitaji daftari, kalamu na wiki moja ya kazi ya kawaida, isiwe wiki ya haraka wala ya likizo. Mifano yangu mingi ni ya ufasiri kwa sababu ndio niujuao, lakini nimeufanya pamoja na mhasibu, fundi mitambo na mwalimu wa sekondari, na maswali hayakubadilika.

Chora safu nne

Kila siku iwe na ukurasa wake. Safu ya kwanza andika tendo. Ya pili, dakika ulizotumia. Ya tatu, kumbukumbu ya tendo hilo inabaki wapi. Ya nne, nani ataulizwa kosa likitokea.

Watu wengi hukosea kwenye safu ya kwanza: huandika cheo badala ya tendo. "Kufasiri" si tendo, kama vile "kufundisha" au "kusimamia hesabu" si tendo. Huu hapa ukurasa wangu wa Jumatano moja. Kusoma barua pepe ya mteja na kugundua ametuma faili la zamani, dakika 6. Kutafuta jina sahihi la vali moja ya pampu, dakika 25. Kumpigia simu mhandisi kumuuliza kama vali hiyo hufunguka yenyewe au hufunguliwa kwa mkono, dakika 9. Kuandika tafsiri, dakika 140. Kulinganisha tarakimu zote za maandishi mawili, moja baada ya nyingine, dakika 35. Kumweleza mteja kwamba sentensi yake ina maana mbili na lazima achague moja, dakika 15. Kuandaa ankara, dakika 10.

Ukiitazama siku hiyo vizuri, utaona kwamba sehemu kubwa ni kuandika, lakini simu ya dakika 9 ndiyo iliyomwokoa fundi fulani asiunguzwe na mvuke. Cheo kingeficha hilo.

Njia hii ya kuvunja kazi vipande si yangu. Mwaka 2003 wachumi watatu, David Autor, Frank Levy na Richard Murnane, walionyesha kwamba kompyuta haichukui kazi nzima. Huchukua matendo yanayoweza kuandikiwa kanuni hatua kwa hatua, na huwaongezea uwezo wanaofanya yale yasiyoandikika. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa swali zuri la kujiuliza: je, tendo langu linaweza kuandikiwa kanuni? Lakini mpaka umesogea. Mashine za leo hujifunza kwa mifano, hazingoji mtu aziandikie kanuni. Kwa hiyo swali la sasa ni jingine: je, ninapofanya tendo hili, ninaacha mfano nyuma yangu, na mfano huo anabaki nao nani? Ndiyo maana kuna safu ya tatu.

Safu ya tatu: kumbukumbu inabaki wapi

Hapa nenda polepole. Kama una muda wa kujaza safu moja tu, jaza hii.

Mwaka 1948 mtaalamu wa hisabati Claude Shannon, akiwa katika maabara za kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, alichapisha makala iliyotupa kipimo cha taarifa kiitwacho biti. Jambo lake kubwa lilikuwa kuiweka maana kando. Kwa mhandisi, shairi, ankara na picha ya mtoto vyote ni mfuatano wa chaguo mbili mbili, na vyote vinaweza kupita katika waya mmoja. Tangu hapo kila kitu kilichoweza kugeuzwa kuwa biti kimepata tabia moja ya ajabu: nakala ya kwanza hugharimu jasho lote, na nakala ya milioni haigharimu karibu chochote. Kamusi elezo ya Encyclopaedia Britannica ilianza kuchapishwa mwaka 1768. Wikipedia, inayosomwa bure mtandaoni, ilianza Januari 2001. Mwaka 2012 Britannica ilitangaza kuacha kuchapa vitabu vya karatasi, baada ya miaka 244. Ujuzi wa waandishi wake haukupungua hata chembe. Kilichoondoka ni uwezo wa kumtoza mtu kwa ajili ya nakala.

Sasa nikupe la kwangu. Programu za kumbukumbu ya tafsiri zilienea miaka ya 1990. Unapofasiri sentensi, programu huihifadhi pamoja na asili yake. Siku sentensi hiyo ikirudi, tafsiri inajitokeza yenyewe. Nilizipenda. Zilinipunguzia uchovu, zikanifanya niwe na msimamo katika istilahi. Mteja wangu mkubwa aliomba nimrudishie pia faili la kumbukumbu kila nikimaliza kazi, na nilimpa bila kuuliza, kama unavyomrudishia mtu sahani yake.

Miaka miwili baadaye alinitumia maelezo ya pampu yenye maneno 11,400. Chini ya jedwali la malipo palikuwa na hesabu mpya: maneno mapya yalikuwa 3,100 tu. Yale 8,300 yalihesabiwa kuwa "yanafanana na yaliyokwisha kufasiriwa", na bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya kawaida. Mengine hayakuwa na bei kabisa. Nilipofungua faili nikakuta sentensi zangu. Nilizitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Jasho langu la jana lilikuwa limetumika kupunguza ujira wangu wa leo, na mkataba niliotia sahihi uliruhusu.

Sikudhulumiwa kisheria. Sikuwa nimesoma, basi.

Na hili halikuishia kwangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM walianza kujenga mashine ya kufasiri Kifaransa na Kiingereza kwa kuilisha kumbukumbu rasmi za Bunge la Kanada, ambazo wafasiri wa serikali walikuwa wameziandika kwa lugha zote mbili mwaka baada ya mwaka. Baadaye kumbukumbu za Bunge la Ulaya na nyaraka za Umoja wa Mataifa zikatumika vivyo hivyo. Hakuna mfasiri aliyekaa mezani akasema, "Leo ninafundisha mashine." Alikuwa anamaliza hotuba ya mbunge arudi nyumbani. Mfano uliobaki ndio uliofundisha.

Kwa hiyo, katika kila mstari wa safu ya tatu andika jina la mwenye kumbukumbu: kompyuta yangu, mfumo wa mwajiri, jukwaa la mtandaoni, kichwani mwangu, hakuna. Kisha fanya haya.

Tafuta mkataba wako na usome vifungu vinavyotaja haki za kazi, data na "kuboresha huduma". Maneno hayo ya mwisho mara nyingi humaanisha kwamba wanaweza kuitumia kazi yako kufundishia mashine. Kama hujui yanamaanisha nini, uliza kwa maandishi, na utunze jibu. Mimi sasa natoa bei mbili, ya tafsiri peke yake na ya tafsiri pamoja na kumbukumbu. Wateja wengine hukataa bei ya pili na wengine hulipa. Lakini mazungumzo yanafanyika kabla ya kazi, si baada yake.

Pale unaporuhusiwa, baki na nakala yako. Orodha yangu ya istilahi, niliyoikusanya neno kwa neno, ni mali kuliko kompyuta ninayoiandikia. Usitoroke na siri za mwajiri. Ninachosema ni kwamba ujue kipi ni chako kabla hujakiacha. Na kama data ni zako binafsi, yaani tathmini zako, historia yako ya kazi, nyota ulizopewa na wateja, huenda sheria iko upande wako. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kuomba nakala ya data zake binafsi, na katika hali fulani kuzihamishia kwingine. Nchi nyingi nyingine zina sheria za namna hiyo. Ombi ni barua ya mistari mitano. Iandike.

Lango

Jioni ya siku ya tatu, acha kidogo safu na ujibu swali moja: akaunti yako kubwa kwenye jukwaa la mtandaoni linalokupatia kazi ikifungwa usiku huu, kesho utaweza kuwafikia wateja wangapi? Usijibu kwa kukadiria. Andika majina na njia ya kumpata kila mmoja bila kupitia jukwaa lile.

Mimi niliandika majina manne kati ya kumi na tisa, na usiku ule usingizi haukuja mapema.

Majukwaa hukua kwa sababu kila anayeingia humwongezea faida aliyetangulia: wateja huenda waliko wafasiri, wafasiri huenda waliko wateja, na mwisho pote panakuwa lango moja. Ni manufaa ya kweli, siwezi kuyakana. Nimepata kazi kutoka nchi ambazo nisingezifikia kwa faksi. Ila barabara na lango ni vitu viwili. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN, taasisi ya utafiti wa fizikia huko Uswisi, iliachia teknolojia ya wavuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee, itumiwe na yeyote bila malipo. Barua pepe nayo hufuata kanuni zilizo wazi. Ukimchoka mtoa huduma mmoja unahamia kwa mwingine na bado unaandikiana na watu wale wale. Hizo ni barabara. Jukwaa ambalo ukitoka unaacha jina, sifa na wateja, hilo ni lango. Pita langoni, fanya kazi, lakini kila mwezi hamishia watu wawili watatu barabarani, kwa ruhusa yao na bila kuvunja masharti uliyoyakubali.

Safu ya nne: nani ataulizwa

Kijana mmoja ninayemlea kikazi alinionyesha daftari lake la wiki nzima. Safu ya nne ilikuwa nyeupe.

"Dada, hapa sijaandika kitu kwa sababu hakuna anayeniuliza. Mfumo ukikosea, wanarekebisha mfumo."

"Na wewe unalipwa kwa kitu gani, mdogo wangu?"

"Kwa kukagua haraka."

Alikuwa na kasi kuliko mimi na alijua zana nyingi kuliko mimi. Lakini kazi ambayo hakuna anayeulizwa ndiyo inayoshuka bei upesi kuliko zote, kwa sababu anayelipa hana sababu ya kumtafuta mtu fulani badala ya yeyote.

Kitu kimoja kinapokuwa rahisi kupatikana, kilicho jirani yake hupanda thamani. Mchumi Herbert Simon alilieleza hili mwaka 1971: taarifa hula usikivu wa wanaoipokea, hivyo taarifa zikijaa, usikivu huadimika. Nami naona kwamba tafsiri zikijaa, kinachoadimika ni mtu wa kusema "hii ni sahihi, na nikikosea mimi ndiye wa kulaumiwa." Historia ina mifano. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilifungua mashine ya kutoa fedha huko Enfield, London, na wengi walidhani makarani wa dirishani wamekwisha. Nchini Marekani idadi yao haikuanguka kwa miongo kadhaa. Mchumi James Bessen ameeleza sababu: tawi lilihitaji makarani wachache, hivyo gharama ya kulifungua ilishuka, benki zikafungua matawi mengi zaidi, na karani akahama kutoka kuhesabu noti hadi kumsikiliza mteja. Idadi ilikuja kupungua baadaye, watu walipoanza kufanya shughuli zao kwenye simu na kuacha kwenda tawini. Mfano huu naupenda kwa sababu una pande zote mbili. Mashine ya kwanza ilimbadilishia karani kazi. Teknolojia ya pili ilimwondolea mahali pa kuifanyia.

Tafuta basi, katika matendo yako, lile ambalo kosa lake lina jina la mtu. Kwangu lilijitokeza kwenye kikaratasi cha dawa. Maandishi ya asili yalisema mgonjwa ameze kidonge saa 8:00 na saa 20:00. Mashine ilitoa sentensi laini, isiyo na kosa la sarufi: ameze saa nane asubuhi na saa nane usiku. Wewe unayesoma Kiswahili umeshaliona. Alipaswa kumeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mashine ilikuwa inamwamsha katikati ya usiku wa manane. Aliyekagua kabla yangu alikagua tahajia, na tahajia ilikuwa sawa. Tangu siku hiyo ninauza ukaguzi wa vipimo, saa na tarakimu kama huduma yenye bei yake, sahihi yangu ikiwa chini ya ukurasa. Zamani niliufanya bure, ndani ya zile dakika 35 ambazo hakuna aliyezijua.

Kama safu yako ya nne ni tupu, nenda kwa anayekulipa na uombe kuwajibika kwa jambo moja dogo lenye mpaka unaoeleweka. Omba kwa maandishi.

Tazama kipimo cha malipo

Kila mtu huuliza: mashine itaweza lini? Swali hilo limewapoteza watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Tarehe 7 Januari 1954, huko New York, Chuo Kikuu cha Georgetown na IBM walionyesha kompyuta iliyofasiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza, ikiwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni sita za sarufi. Ilitabiriwa kwamba tatizo lingetatuliwa ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Mwaka 1966 ripoti ya kamati ya wataalamu wa Marekani iliyoitwa ALPAC ilisema mafanikio hayako karibu, na fedha za utafiti zikakatwa. Aliyeamini ahadi ya 1954 angekuwa ameacha ufasiri bure. Aliyeamini ripoti ya 1966 moja kwa moja angeshtushwa mwaka 2006 Google ilipoanzisha huduma yake ya kufasiri, na kushtushwa zaidi mwaka 2016 ilipohamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano.

Mwanahistoria wa uchumi Paul David aliandika mwaka 1990 kuhusu umeme. Vituo vya kwanza vya kuuza umeme vilifunguliwa mapema miaka ya 1880, lakini viwanda vilihitaji kama miaka arobaini kuvuna tija yake, kwa sababu ilibidi majengo yenyewe yapangwe upya, kila mashine iwe na mota yake badala ya zote kuvutwa na mhimili mmoja. Teknolojia hubadilisha kazi pale wanaolipa wanapopanga upya nyumba yao.

Na dalili ya kwanza ya kupanga upya, kwa uzoefu wangu, ni kipimo cha malipo. Nililipwa kwa ukurasa, kisha kwa neno, kisha kwa neno jipya, na sasa wengine wanataka kulipa kwa saa ya kuhariri tafsiri ya mashine. Kila badiliko lilitangulia punguzo, tena kwa miezi kadhaa. Dalili ya pili ni nafasi za wanaoanza: mwajiri anapoacha kuchukua wanagenzi, ameshaona mahali pengine pa kupata kazi yao. Andika dalili hizi nyuma ya daftari, na tarehe.

Kazi uliyohamishiwa

Jambo la mwisho ambalo daftari langu lilinionyesha sikulitarajia. Palikuwa na matendo ambayo si kazi yangu kabisa: kujaza fomu za benki, kuomba miadi, kupakia nyaraka ambazo zamani karani alizipokea mkononi. Kwa wiki moja yalifika saa nne na nusu. Mengine hayakuwa hata yangu, yalikuwa ya mama yangu, ambaye ana akili timamu na hesabu kali lakini macho yake hayasomi tena kioo kidogo cha simu, na ofisi anayoihitaji imefunga dirisha lake.

Kazi hii haionekani katika takwimu za tija. Ofisi imeokoa mshahara wa karani, na ukarani umehamia kwangu jioni bila malipo. Mimi nina bahati ya kuweza. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti kabisa, na kwao dirisha likifungwa huduma imekwisha. Jambo hili linaniuma, na silichukulii kama hatua ya mpito tu. Basi katika daftari lako weka alama ya nyota kwenye kila tendo ulilohamishiwa na kila tendo unalomfanyia asiyeweza. Ukikusanya nyota za mwezi mmoja unakuwa na kitu cha kupeleka kwenye ofisi hiyo: tendo gani, dakika ngapi, nani alikwama hatua ipi. Nilipeleka karatasi moja ya namna hiyo, yenye mistari kumi na miwili. Baada ya wiki sita namba ya simu inayopokewa na mtu ikarudishwa kwenye fomu. Sijui kama ni karatasi yangu peke yake, ila mama anaitumia namba hiyo.

Funga daftari wiki ikiisha na uandike juu yake tarehe ya miezi sita ijayo. Siku hiyo rudia wiki nyingine, kwa safu zile zile, kisha weka kurasa mbili za Jumatano sambamba. Kwenye zangu za karibuni, kuandika kumeshuka kutoka dakika 140 hadi 50. Simu kwa wahandisi zimekuwa tatu kwa siku.